UZI: Gari inanuka petroli lakini hakuna tone chini. Jinsi ya kutafuta mvuke unapovujia (Mtwara, Lindi na jirani)

FundiMikindani:

Wakuu, habari za jioni.

Nafungua uzi huu kwa wenye magari na kwa mafundi wenzangu wa kusini, kwa sababu jambo hili linatibiwa kwa kubahatisha na watu wanaumia. Gari inanuka petroli asubuhi, fundi anaingia chini, haoni hata unyevu, anasema ni joto la Mtwara tu, utazoea. Sikubaliani kabisa. Gari nzima haitakiwi kunuka petroli hata ikishinda juani Shangani kuanzia asubuhi hadi magharibi. Ukisikia harufu, kuna mahali pamefunguka.

Kinachonuka hapo ni mvuke. Petroli hutoa mvuke muda wote, injini ikiwaka au imezimwa, na joto likiongezeka mvuke unaongezeka. Zamani magari yaliuacha upotee hewani. Jimbo la California likaanza kudhibiti hilo kwa magari ya mwaka 1970, Marekani nzima ikafuata kwa magari ya 1971, na taratibu dunia ikafuata. Tangu hapo tanki limefungwa. Mvuke unatoka juu ya tanki kwa mpira hadi kwenye kanista, yaani kopo la plastiki lenye mkaa maalumu wenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na unanasa humo. Injini ikishapata moto, kompyuta inafungua valvu ndogo ya umeme karibu na manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), mnyonyo wa injini unavuta mvuke kutoka kwenye mkaa na kuuchoma pamoja na mafuta ya kawaida. Upande wa pili wa kanista kuna tundu la kupumulia lenye kichujio, hewa safi inaingilia hapo.

Kwa hiyo mvuke una njia ndefu: mfuniko, shingo ya kujazia, juu ya tanki pale pampu inapokaa, mipira, kanista, valvu ya kunyonya. Popote kati ya hapo pakipasuka, unanusa.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Taa ya injini isiwafariji. Sheria ya Marekani ya kuanzia magari ya 1996 ilitaka gari ijipime yenyewe na kugundua tundu la milimita 1, na kuanzia magari ya 2000 ikashuka taratibu hadi nusu milimita. Lakini gari nyingi tunazoagiza ni za soko la Japani, na hizo nyingi zina kanista na valvu bila kipimo cha uvujaji. Ukichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, inaweza kukwambia waya wa valvu umekatika, lakini haikwambii mpira umepasuka juu ya tanki. Mteja anaambiwa "mashine imesoma safi" na anarudi nyumbani na harufu yake. Kwa gari hizo kipimo cha kwanza ni pua yako.

Gari ya soko la Marekani ndiyo itawasha taa na kutoa namba ya hitilafu. P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 mdogo, P0456 mdogo sana, P0457 inaelekeza kwenye mfuniko. P0441 inasema mnyonyo hauendi inavyotakiwa, na P0446 inahusu upande wa kupumulia. Namba hizi hazikwambii spea ya kununua, zinakwambia aina ya tatizo. Nimeona watu wakinunua kanista mpya kwa bei ya kuumiza kwa sababu ya P0455, kumbe ni oringi (ule mpira wa duara wa kuzibia) ya mfuniko imekauka.

Utaratibu ninaoufuata ni huu.

Naanza na mfuniko. Ule mpira wake ukiwa umepasuka, umekakamaa au una alama ya kubonyea upande mmoja, mfuniko haufai tena. Napitisha kidole kwenye mdomo wa shingo ya tanki kutafuta kutu. Huku pwani shingo ndiyo inayokufa mapema. Chumvi ya bahari inaingia nyuma ya tairi, inakaa pale pamoja na tope, chuma kinaliwa kutoka nje. Wanaovuka na kivuko kwenda Msangamkuu na wale wanaoingiza gari kwenye mchanga wa Msimbati, tafadhali osheni chini kwa maji baridi ya bomba mkirudi, hasa nyuma ya tairi la upande wa kujazia mafuta.

Pili, valvu ya kunyonya. Chomoa mpira unaotoka kanistani, injini ikiwa silensa (inawaka bila kukanyaga mafuta) na bado baridi, uweke kidole kwenye mdomo wa valvu. Hapo valvu inatakiwa iwe imefunga, usisikie mvuto kwenye kidole. Ukisikia mvuto, chomoa na soketi yake. Mvuto ukiendelea bila umeme, valvu imekwama wazi. Kisha ipime ikiwa nje: haipitishi upepo bila umeme, ukiipa volti 12 inagonga na kupitisha. Ukipima omu (ukinzani wa umeme), gari nyingi zinaangukia kati ya 20 na 35, ila fuata kitabu cha gari yako.

Tatu, mipira. Usiangalie tu, ikunje kwa mkono. Mpira uliozeeka unaonekana mzima hadi uukunje, ndipo nyufa zinafunguka. Angalia sana kwenye viungo na kwenye kona karibu na kanista. Ukibadilisha, weka mpira wa mafuta. Wa baiskeli au wa maji unavimba na kuoza ukikutana na mvuke wa petroli.

Nne, kiti cha nyuma. Gari nyingi ukiinua kiti unakuta kifuniko cha pampu. Kama pampu imewahi kubadilishwa, oringi yake ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza. Inarudishwa ile ile ya zamani ikiwa imevimba, inakunjwa, au ringi haikazwi hadi mwisho. Harufu ndani ya gari kuliko nje mara nyingi inatoka hapa, na hapo wanakaa watoto. Petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani. Safari ya Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, msikae humo mkiivuta hewa hiyo.

Kama hayo yote ni mazima na harufu ipo, ndipo tunapima kwa presha ndogo. Hilo nitaliandika nikimaliza kula, maana ndipo penye hatari.

---

Dereva_wa_Tandahimba:

Mkuu, uzi mzuri. Mimi nina swali la upande wa pili. Gari yangu hainuki, lakini nikifika sheli bomba linakata kila baada ya lita mbili tatu. Na nikifungua mfuniko mchana inapiga "fyuuu" kwa nguvu. Pampu za sheli zote zinakata, kwa hiyo si sheli. Nashinda kwenye njia ya vumbi.

---

FundiMikindani:

Njomba, hilo ni tundu la kupumulia limeziba. Ukijaza, hewa iliyomo tankini inatakiwa itoke kupitia kanista na kichujio chake. Ikikosa njia, inarudi juu kwenye shingo na bomba linadhani tanki limejaa. Kile kichujio kinakaa chini nyuma, sehemu inayopokea vumbi lote la tairi, na vumbi jekundu la juu huko ni laini sana. Fungua mpira wa upande wa hewa kwenye kanista, jaza mafuta ukiwa umeufungua. Bomba lisipokata, umepata jibu. Fanya jaribio hilo mara moja tu kwa ajili ya kujua, usitembee hivyo.

Angalia na wadudu. Nyigu wa udongo wanapenda matundu ya namna hiyo. Na si kwetu tu, mwaka 2011 Mazda waliita yarudishwe kutengenezwa zaidi ya magari 50,000 ya Mazda6 huko Marekani Kaskazini kwa sababu buibui walikuwa wanajenga utando kwenye mpira wa kupumulia, tanki linakosa hewa na linaweza kupata ufa. Usilipuuze hilo. Tanki linalonyonywa bila kupumua linabonyea.

---

MamaKorosho_Lindi:

Kaka, asante. Mimi gari yangu ikishajazwa mafuta inagoma kuwaka. Napiga starta inazunguka tu, inawaka kwa shida, inatetemeka kidogo halafu inatulia. Nisipojaza haina tatizo. Fundi mmoja kabadilisha plagi, mwingine anataka koili. Huwa namwambia kijana wa sheli ajaze mpaka mdomoni kwa sababu nakwenda Nachingwea na kurudi.

---

FundiMikindani:

Dada, usinunue koili. Maelezo yako yanaelekeza kwenye ile valvu ya kunyonya kukwama wazi. Ukijaza mafuta, mvuke mwingi unasukumwa kwenda kanistani, na valvu ikiwa wazi unapitiliza hadi manifoldi. Ukipiga starta, injini inapata mvuke wa ziada juu ya mafuta inayopewa, inazidiwa. Mwambie fundi afanye jaribio la kidole nililoandika juu. Halichukui muda na halina gharama.

Halafu acha hiyo ya mpaka mdomoni. Bomba likikata, basi. Juu ya tanki imeachwa nafasi makusudi kwa ajili ya mvuke na kutanuka kwa mafuta kwenye joto. Ukiilazimisha ijae, petroli ya maji inaingia kanistani, mkaa unalowa na kuharibika. Mara nyingine chembe za mkaa zinavunjika, zinavutwa hadi kwenye valvu na kuikwamisha. Ikiwa valvu yako imekwama, ichomoe na uigongegonge juu ya karatasi nyeupe. Ukiona punje nyeusi, tatizo limeanzia kwenye kanista, na valvu mpya nayo haitadumu.

---

Kijana_wa_Gereji:

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu kupima, sisi huwa tunafunga mpira wa kompresa kwenye njia ya mvuke, tunapuliza, tunasikiliza panapolia. Ni haraka. Kuna ubaya?

---

FundiMikindani:

Marahaba kijana. Ubaya upo na ni mkubwa, nashukuru umeuliza.

Mfumo huu umetengenezwa kwa presha ndogo mno. Mashine za moshi zinazotumika duniani kwa kazi hii (zinaingiza moshi, unaona unapotokea) zinafanya kazi karibu nusu ya psi 1 (psi ni kipimo cha presha). Kompresa yako inatoa psi 100 na zaidi. Ukiifungulia, unapasua kanista, unaharibu sensa ya presha ya tanki, unatanua tanki lenyewe, na mvuke wote uliomo unautoa nje kwa mkupuo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, unashuka na kulala kwenye shimo la gereji. Unaweza kushika moto ukiwa asilimia 1.4 tu ya hewa. Cheche ya waya wa betri, taa ya balbu iliyovunjika, mtu kawasha sigara juu ya shimo, mmekwisha. Na petroli haingoji joto, hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Njia ninayoiamini kwa sisi tusio na mashine ya moshi:

Tafuta fundi wa majokofu. Mtwara na Lindi wapo, na wengi wana mtungi wa naitrojeni wa kupimia mipira ya friji na AC. Naitrojeni haishiki moto. Mtungi wake una presha kubwa sana, kwa hiyo lazima uwe na regulata (kipunguza presha) nzuri iliyofungwa karibu kabisa, inayopitisha pumzi tu.

Kisha chukua ule mpira mweupe wa levo ya maji ambao mafundi ujenzi wanatumia. Weka kiungo cha njia tatu: njia moja inatoka kwenye regulata, ya pili inaingia kwenye mpira wa mvuke wa gari, ya tatu ni mpira wa levo, na ncha yake izame kwenye ndoo ndefu ya maji kina cha sentimita 35. Sentimita 35 za maji ni karibu sawa na nusu ya psi. Presha ikizidi hapo, gesi inatokea majini yenyewe. Hata mkono ukikosea kwenye regulata kidogo, maji yanalinda tanki. Hakikisha tu mpira huo ni mpana na haujakunjika.

Ziba tundu la kupumulia la kanista kwa kizibo, na valvu ya kunyonya iwe imefunga. Tanki liwe na mafuta kati ya robo na robo tatu. Fungua gesi taratibu mpaka mapovu yaanze kutoka kwenye ndoo, maana yake umefika. Funga gesi na uangalie maji ndani ya mpira wa levo. Yakipanda haraka, kuna tundu. Yakisimama, mfumo ni mzima.

Kutafuta tundu lenyewe, rudisha gesi polepole, chukua maji ya sabuni na brashi, paka kwenye kila kiungo, shingo, oringi ya pampu, kona za kanista. Mapovu yatakuonyesha. Tundu la nusu milimita halitoi sauti ya kusikika kwenye gereji yenye kelele, lakini povu lake linakua mbele ya macho yako. Uwe na subira, acha kila mahali kidogo kabla ya kusonga.

Fanya kazi hii asubuhi, kivulini, gari imelala usiku kucha. Ukipima saa nane mchana, jua linapasha tanki, mvuke unaongezeka na kusukuma maji, tundu dogo linafichika. Sehemu iwe wazi yenye upepo, hakuna kulehemu jirani, hakuna simu ndani ya shimo, na kizima moto cha unga kiwe karibu.

Na nasisitiza hili: ukikuta tanki lenyewe limetoboka kwa kutu, lisipelekwe kwa mchomeleaji. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake mvuke umechanganyika na hewa. Kusuuza kwa maji na sabuni hakutoshi kuaminika. Tafuta tanki jingine.

---

Kijana_wa_Gereji:

Nimekuelewa mzee. Hiyo ya mpira wa levo nitaiunganisha wiki hii. Je, moshi wa kujitengenezea na kopo na plagi ya kupashia ya dizeli, wanavyoonyesha kwenye video?

---

FundiMikindani:

Kwa kutafuta hewa inayovuja kwenye manifoldi, sawa, injini ikiwa imepoa. Kwa tanki la petroli, hapana. Ile plagi inawaka nyekundu, na mpira wake unaelekea moja kwa moja kwenye mvuke. Mashine zilizotengenezwa kwa kazi hii zinapasha mafuta meupe yasiyo na petroli na kusukuma moshi kwa gesi isiyoshika moto, presha ikiwa imedhibitiwa. Kopo halina udhibiti huo.

---

Mtanda_Lindi:

Mkuu, mimi nina Toyota iliyotoka Marekani, ya baada ya 2005. Usiku sana nasikia kitu kinanguruma nyuma ya gari, taratibu, dakika kadhaa kisha kinanyamaza. Gari imezimwa na funguo ninao. Mke wangu anasema niichomoe betri. Pia taa ya injini inawaka, namba ni P0456, naifuta na inarudi baada ya muda.

---

FundiMikindani:

Mkuu, usichomoe betri. Hiyo ni pampu ndogo iliyo kwenye kanista, inapima uvujaji. Toyota za Marekani za miaka hiyo nyingi zinasubiri kama muda wa saa 5 baada ya kuzima gari, ndipo kompyuta inaamka. Injini ikiwa bado ya moto, inaahirisha hadi zitimie saa 7 tangu uzime, ikishindikana tena hadi zitimie saa 9 na nusu. Inavuta hewa kupitia kitundu cha kipimo ndani yake, inakumbuka mnyonyo uliopatikana, kisha inavuta tanki zima na kulinganisha. Ukizima saa moja jioni, utaisikia karibu saa sita usiku. Mngurumo huo ni dalili kwamba kipimo kinafanya kazi.

Kwa nini namba inarudi baada ya muda: kipimo hakifanyiki kila siku. Tanki likiwa limejaa sana, hakipimi. Kwa hiyo mtu anayekufutia taa na kusema amemaliza, hajagusa tatizo. P0456 ni tundu la ukubwa wa sindano. Anza na oringi ya mfuniko. Ikiwa nzima, nenda kwenye naitrojeni na sabuni. Usibadilishe kanista kwa kubahatisha, kwa gari hiyo inakuja pamoja na pampu yake na ni ghali.

---

Dereva_wa_Tandahimba:

Mrejesho wakuu. Kichujio kilikuwa kimegandamana udongo, na ndani ya mpira kuna kiota cha nyigu kabisa. Nimesafisha mpira, kichujio fundi kasema kiwe kipya. Jana nimejaza pale Mtwara mjini, bomba halikukata mpaka tanki lilipojaa. Ile "fyuuu" haipo. Je, naweza kuweka kipande cha soksi mdomoni ili nyigu wasirudi?

---

FundiMikindani:

Hongera njomba. Soksi hapana, italowa, itashika vumbi na kuziba tena. Weka wavu mwembamba wa chuma, ule wa madirisha ya mbu, ufunge kwa klempu na uukague kila unapobadilisha oili. Na mdomo wa mpira uuelekeze chini, juu ya kiwango cha matope, mbali na tairi.

---

MamaKorosho_Lindi:

Kaka, valvu ilikuwa wazi kama ulivyosema, kidole kilivutwa hata soketi ikiwa imechomolewa. Tumeigonga juu ya karatasi, punje nyeusi zimetoka kidogo. Fundi anauliza kama tununue valvu peke yake kwanza.

---

FundiMikindani:

Dada, kwanza afungue kanista na aitikise. Ikilia kama ina mchanga ndani, au ikiwa nzito kwa petroli, mkaa umeharibika, badilisha vyote viwili kwa pamoja. Ikiwa nyepesi na kimya, apulize ule mpira wa kati ya kanista na valvu kutoka upande wa injini ili punje zilizobaki zitoke, afunge valvu mpya, na baada ya wiki chache aichomoe aikague tena kwenye karatasi. Kanista ya mtumba ichaguliwe kwa kunusa na kutikisa kabla ya kulipia. Ikiwa inanuka petroli mbichi, msiichukue.

Wenye magari mengine leteni dalili, andikeni na soko gari ilikotoka, Japani, Ulaya au Marekani. Jibu linategemea sana hapo.